Doti Moja, Wenyeji Wawili

Glasi zilikuwa sita, zimechorwa maua ya buluu, ndani ya boksi lililofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Nilizinunua Kitale nikisubiri basi la Lodwar, na safari nzima nilizipakata kama mtoto mchanga. Ilikuwa mwaka 2010. Lami ya kutoka Kitale kupitia Kapenguria, Marich, Kainuk na Lokichar ilikuwa imemeguka kiasi kwamba mahali pengi madereva waliiacha wakafuata njia za mchanga kandokando yake. Kila gari lilipotumbukia shimoni nilitia mkono kwenye boksi nikapapasa. Tulifika Lodwar alfajiri, glasi zote sita zikiwa nzima, nami nikahisi nimefikisha amana.

Nilikuwa mwalimu mgeni, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, niliyepangiwa shule moja ya mji ule. Karani wa shule, mama wa Kiturkana aliyenipokea vizuri tangu siku ya kwanza, alinialika nyumbani kwake kwa sherehe: kifungua mimba wake alikuwa amefaulu mtihani wa kidato cha nne. "Usilete kitu, mwalimu," aliniambia. "Njoo tu." Kwetu pwani maneno hayo husemwa na kila mwenyeji, wala hakuna mtu mzima anayeyafuata. Mama yangu alitulea kwa methali moja kila tulipotoka kwenda kwa watu: mkono mtupu haulambwi.

Nikaenda na glasi zangu. Karani, mwenzangu wa kazi, alizipokea kwa mikono miwili, akazifungua mbele ya watu, na akina mama wakapiga vigelegele. Kisha nikamwona amesimama na lile boksi, akitazama huku na huku. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, haina kabati wala rafu. Vikombe vya bati vilining'inia kwenye misumari ukutani. Akamwita mwanawe mdogo, akamnong'oneza, akafungua fundo la shuka lake akatoa noti. Mtoto akatoka mbio. Nilidhani ametumwa kumwita jamaa aliyechelewa. Baada ya robo saa alirudi amekumbatia chupa mbili kubwa za soda.

Ndipo nilipoelewa. Glasi mpya haziwezi kukaa mbele ya wageni zikiwa tupu. Wala asingezitia chai ya maziwa, ambayo ilikuwa tayari imepikwa sufuria nzima na ingetosha watu wote kwa vikombe vile vya bati. Zawadi yangu ilikuwa imemtoa pesa asizozipanga, siku ambayo alikwisha kuchinja mbuzi wawili. Tulikunywa soda, tukasifu glasi, na jioni zikarudishwa ndani ya boksi, boksi likasukumwa chini ya kitanda. Sikuziona tena mezani katika nyumba ile, ingawa niliingia humo mara nyingi kwa miaka iliyofuata.

Hakuna aliyelalamika. Lakini mama mzazi wa mwenzangu, ajuza aliyeketi kivulini siku nzima akitazama kila kitu, alinijibu wiki chache baadaye nilipomuuliza, kwa kumtumia bintiye kama mkalimani, ni zawadi gani humfaa mtu aliyeita watu nyumbani. Alinyoosha vidole, akavikunja kimoja kimoja. "Ukija kwangu, maji yangu yanapungua. Kuni zangu zinapungua. Sukari yangu inapungua. Tumbaku ya mzee inapungua." Akanyamaza, kisha akaongeza: "Glasi hazikuwa zimepungua."

Nimesoma vitabu na kuhudhuria semina nyingi tangu siku hiyo, lakini sijapata kanuni ya zawadi iliyo fupi na kamili kuliko ile ya nyanya wa Lodwar. Angalia kinachopungua. Sisi wengi tunapoalikwa huanza na swali la dukani: nini kinapendeza, nini kinalingana na mfuko wangu, nini kitaonekana. Swali la kwanza halipo dukani. Liko jikoni kwa mwenyeji: kuja kwangu kutamaliza nini?

Lodwar jibu lake halijifichi. Jua la pale haliombi ruhusa. Maji ya kunywa, kupikia na kunawia watu hamsini lazima yatoke mahali, na kwa nyumba nyingi yanatoka kwenye kioski au kwenye visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto, yakibebwa na mwanamke au mtoto. Sherehe iliyofuata kwa mwenzangu, nilifika saa moja asubuhi kwa bodaboda iliyobeba mitungi miwili ya lita ishirini. Hakuna aliyepiga vigelegele. Aliniangalia, akaangalia mitungi, akasema neno moja la Kiturkana ambalo lilikuwa la kwanza mimi kulielewa bila mkalimani: "Alakara." Asante. Maji yale yaliisha kabla ya adhuhuri, na hadi leo nayahesabu kuwa zawadi bora kuliko kitu chochote nilichowahi kukifunga kwa karatasi.

Nilijifunza pia kwamba zawadi ina mlango wake wa kuingilia. Sukari na majani ya chai humwendea mama mwenye nyumba, na ni vizuri zimfikie kabla maji hayajachemka. Tumbaku, etaba, humwendea mzee. Mimi binafsi siipendi, lakini nilikuwa nimeingia kwake, yeye hakuwa ameingia kwangu. Mara ya kwanza nilimkabidhi fungu la etaba mzee aliyekaa juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho ili akikalie mchana na kukilalia kichwa usiku, na nilitarajia alitie mfukoni. Alichukua kidogo, akampa wa kulia kwake, naye akampa mwingine. Fungu lilizunguka kivuli chote cha mti, likarudi robo yake. Mbuzi aliyechinjwa naye alikuwa na njia yake: kila kipande kilijua mtu wake kwa umri na heshima. Nikaanza kuona kwamba katika nchi hii kitu kizuri ni kile kinachogawika. Glasi sita haziwezi kugawanywa kwa watu hamsini. Kilo tano za sukari zinaweza.

Baadaye nilikuta jambo hilo limeandikwa. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha 1955 juu ya mifugo ya Wajie na Waturkana, alieleza namna mfugaji wa Kiturkana anavyojenga urafiki kwa wanyama: mwaka huu anampa huyu mbuzi, mwaka ule anamwomba yule ngamia, hata ukame au uvamizi unapomfilisi, anayo milango ya kubisha. Miaka thelathini kabla yake, mwaka 1925, Mfaransa Marcel Mauss alikuwa ameandika kwamba katika jamii nyingi duniani zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Mfugaji wa Turkana hakuhitaji kuambiwa hayo na msomi. Anajua kwamba anayempa mtu mbuzi hajafunga hesabu, ameifungua. Nilipoyasoma hayo niliwaza boksi langu chini ya kitanda cha mwenzangu. Nilikuwa nimemfungulia hesabu ambayo hakuwa na kitu cha namna ile cha kunirudishia, na sikuwa nimempa chochote cha kumwezesha kuishi nayo.

Miaka michache baadaye kazi ilinihamishia Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar, kwenye barabara iendayo Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Turkana imezoea kupokea wageni ambao haikuwaalika. Mwaka 1959 Waingereza walimleta Jomo Kenyatta Lodwar baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung, wakamweka pale chini ya ulinzi hadi 1961. Na mwaka 1992 walifika Kakuma vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu wakikimbia vita, wengi wao wakiwa watoto wasio na wazazi. Nyuma yao wakaja Waethiopia, Wasomali, Wakongomani, Warundi na wengine, hata leo kambi ya wakimbizi ya Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei zina watu zaidi ya 200,000. Mwalimu wa Kakuma hualikwa sana. Kuna ubatizo, Idi, harusi, mtoto kumaliza shule, ndugu kupata safari ya ng'ambo. Na kila ua lina desturi yake.

Mwezi wa Septemba mzazi mmoja wa Kiethiopia alinialika kwa mwaka mpya wao, Enkutatash. Nilijiona nimeiva. Nilikwenda na nusu kilo ya kahawa mbichi na kilo mbili za sukari, vitu ambavyo nilijua vitapungua. Alifurahi kweli. Akaosha buni mbele yetu, akazikaanga kwenye kikaango juu ya makaa, akapitisha moshi wake puani mwa kila mgeni, akazitwanga, akazichemsha kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu. Bisi zikaletwa, ubani ukafukizwa. Nilikunywa kikombe kidogo cha kwanza, sini, nikashukuru, nikainuka. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Sikuwa nimefika mbali mtoto wa nyumba ile akanifikia akihema. "Mwalimu, mama anauliza, kahawa ilikuwa mbaya?"

Nilirudi. Nikaketi, na mwenyeji akanieleza kwa upole kwamba kahawa ile huteremshwa mara tatu kutoka buni zilezile. Ya kwanza inaitwa abol, ya pili tona, na ya tatu, iliyo nyepesi kuliko zote, inaitwa baraka. Neno hilo halikuhitaji kufasiriwa kwa mtu wa Mombasa. Mgeni anayeondoka baada ya sini ya kwanza ameonja ukali akaiacha baraka. Nilikaa hadi mwisho, yapata saa mbili na nusu, na katika saa hizo nilisikia habari za mji alikozaliwa, za mumewe, na za mwanawe niliyemfundisha hesabu mwaka mzima bila kujua kwa nini husinzia darasani siku za Jumatatu. Sukari yangu ilikuwa nzuri. Lakini alichokuwa amekiandaa kwa ajili ya wageni ni mkao wa saa nzima na zaidi, na mimi nilitaka kulipa kwa sukari kisha niende zangu. Kuna nyumba ambako kinachohitajika sana kutoka kwako hakibebeki mkononi.

Pale pia nilijifunza thamani ya makaa. Raundi tatu za kahawa zinakula makaa, na Kakuma kuni ni jambo zito. Mkimbizi haruhusiwi kwenda porini kukata, na kuni zinazogawiwa hazitoshi mwezi. Wanaouza kuni na makaa ni wanawake wa Kiturkana wanaotembea tangu alfajiri na mizigo kichwani, wakiingia kambini ua kwa ua. Wengine hulipwa pesa, wengine hubadilishana kwa mtama au maharage ya mgao. Tangu hapo, nikialikwa kwa kahawa, mara nyingi nilinunua gunia la makaa kwa mmoja wa akina mama hao nikalituma mbele yangu. Niliona nimeipata sasa: zawadi moja, faida kwa nyumba mbili. Sikujua bado kwamba nilikuwa nimeona nusu tu.

Kosa langu kubwa lilikuja katika nyumba niliyoipenda kuliko zote. Alikuwa mama kutoka Kivu Kusini, mjane mwenye watoto wanne, anayezungumza Kiswahili cha Kongo ambacho masikioni mwangu kilikuwa kama wimbo wa kwetu ulioimbwa kwa sauti nyingine. Binti yake mkubwa alimaliza darasa la nane, naye akaita watu. Nilikumbuka kanuni ya Lodwar, nikanunua unga, gunia zima. Bodaboda ikanishusha mbele ya ua, nikaingia na dereva nyuma yangu amebeba gunia begani. Wageni wakageuka wote. Mwenyeji akaja, akatabasamu, akasema, "Aksanti, mwalimu," akamwonyesha dereva mahali pa kuliweka. Mimi nikaketi nikiwa na moyo mweupe.

Aliniambia miezi kadhaa baadaye, siku tulipokuwa tumezoeana vya kutosha. "Mwalimu, sisi hapa tunapanga foleni ya unga kila mwezi. Nilivaa vizuri siku ile. Niliazima viti. Nilitaka niwe mwenyeji. Gunia lilipoingia, nikarudi kwenye foleni."

Maneno hayo yalinichoma, na nayaandika hapa kama alivyoyasema kwa sababu hakuna niliyemsikia akiyaeleza vizuri zaidi. Kanuni ya nyanya wa Lodwar ni ya kweli, lakini ina mwenzake: zawadi isimvue mwenyeji uenyeji wake. Kumwita mtu nyumbani ni kusema, "Leo mimi ndiye ninayetoa." Kwa mtu ambaye miaka mingi ya maisha yake ameandikwa kwenye kadi, akahesabiwa, akapimiwa mtama na mafuta, siku ya kusema hivyo ni siku kubwa. Mgeni anayeingia na gunia mbele ya macho ya watu anamnyang'anya kauli hiyo, hata kama gunia lenyewe linahitajika. Na linahitajika. Mwaka 2015 sehemu ya mgao wa Kakuma iligeuzwa kuwa pesa za simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula, ili watu wajichagulie madukani, na hilo liliongeza heshima. Lakini mgao wenyewe umepunguzwa tena na tena kadiri fedha za wafadhili zinavyopungua, na mwaka 2025 ulikatwa vibaya sana. Sahani ya wali unayowekewa Kakuma inaweza kuwa chakula cha siku tatu cha nyumba ile. Huwezi kwenda mikono mitupu, wala huwezi kwenda kama lori la mgao.

Njia ilikuwepo, na mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Kitu kizito kipite jikoni, usiku wa kuamkia sherehe, mkononi mwa mtoto, bila jina. Mbele ya watu lete kitu ambacho mgao haukijui. Mgao ni nafaka, maharage na mafuta. Haujawahi kuleta kitunguu, ndimu, pilipili, iliki, sabuni ya kunukia wala ubani. Mkongomani hufurahia samaki mkavu, na Ziwa Turkana halikuwa mbali: nikishuka Lodwar nilinunua samaki wakavu waliotoka Kalokol nikampelekea. Niliwatia kwenye kikapu cha majani ya mkoma kilichosukwa na akina mama wa Lodwar, kwa kuwa tangu Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, nilipata sababu ya kuacha kubeba zawadi katika kitu cha kutupwa. Samaki wakaliwa, kikapu kikabaki na kazi.

Hadi hapo nilidhani nimejifunza vya kutosha. Kisha mama yangu akaleta doti.

Nilikuwa nimekwenda Mombasa likizo, nikamsimulia habari za yule mama wa Kivu, kwamba anambatiza mjukuu wake wa kwanza Desemba. Mama alivaa buibui lake tukaenda Mtaa wa Biashara. Mimi nilitazama rangi. Yeye alisoma. Alipitia kanga moja baada ya nyingine, akisoma jina kwa sauti ya chini, akiziweka kando: hii kijembe, hii ya mke mwenza, hii ya jirani mwenye wivu. "Mwanangu," alisema, "kanga utakayompa itasema ukiwa umekwisha kuondoka. Hakikisha unajua itakachosema." Mwishowe akachagua doti moja ya rangi ya hudhurungi na nyeupe, jina lake Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliona hakuna neno linalofaa kuliko hilo. Mgeni akifika, hata mwenyeji hupata nafuu: chakula kizuri hupikwa, ugomvi hutulia, mgonjwa huinuka kitandani. Hiyo ndiyo maana tuliyolelewa nayo pwani.

Kakuma, asubuhi ya ubatizo, nilimpa mwenyeji wangu jikoni. Aliikunjua yote, akaishika dirishani, akasoma, akacheka kwa furaha. Kanga huja mbili pamoja, hazijakatwa. Alitafuta wembe, akazitenganisha mstarini, akajifunga moja kiunoni palepale. Nyingine akaikunja, akatoka nayo hadi langoni. Pale nje, kando ya ua wa miiba, alikuwa ameketi mwanamke wa Kiturkana aliyeleta kuni za kupikia sherehe ile. Nilimjua. Nilikuwa nimenunua makaa kwake mara nyingi, na mara nyingi nimempunguza bei.

Mwenyeji wangu akamfunga ile kanga begani. Yule mama akaipapasa, akaonyesha maandishi kwa kidole, akauliza yanasemaje. Akasomewa, akaelezwa pole pole, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alifikiri kidogo. Kisha akauliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka kuelewa hesabu: "Mwenyeji ni nani hapa?"

"Leo ni mimi," mama wa Kivu akajibu akitabasamu.

"Leo ni wewe," yule akasema. "Lakini nchi ni yetu. Mimi ni mwenyeji wenu wote. Nimepona lini?"

Hakuna aliyecheka. Nilisimama pale na methali ya mama yangu imegeuzwa ikanitazama. Watu wa Kakuma walipokea wageni wa 1992 na wote waliofuata. Miti yao ilikatwa, visima vyao viligawanywa, na ingawa kambi ilileta soko, shule na hospitali ambazo wao pia huzitumia, wengi wao bado hubeba kuni kwenda kubadilishana na sehemu ya mgao wa mgeni. Wakati mwingine ugomvi umezuka na damu imemwagika pande zote mbili. Yule mama hakutoa hotuba juu ya mambo hayo. Aliuliza swali moja lililo ndani ya kanga aliyokuwa amepewa sasa hivi.

Mama wa Kivu ndiye aliyelijibu, na si kwa maneno. Alimshika mkono, akamwingiza ndani ya ua, akamketisha kwenye mkeka miongoni mwa waalikwa, upande wa wazee wa kanisa. Akamletea sahani ya kwanza kabla ya padri. Siku ile nzima nilikuwa na wanawake wawili mbele ya macho yangu, mmoja aliyekimbia nchi yake na mmoja aliyepokea, wamevaa kanga za doti moja, neno lilelile mgongoni mwa kila mmoja.

Nimeufikiri mkono ule kwa miaka. Nilikuwa nimejisifu moyoni kwa yale magunia ya makaa, zawadi moja kwa nyumba mbili. Lakini nyumba moja niliipa zawadi na nyingine niliilipa, tena kwa kupunguza bei. Nilimwona mwenyeji aliyesimama langoni akinikaribisha. Sikumwona mwenyeji aliyefanya moto uwake. Na hili haliko Kakuma peke yake. Kila sherehe niliyoihudhuria maishani, Mombasa hata Nairobi, ilikuwa na mtu wa pili wa namna hiyo: jirani aliyeazimisha viti na sufuria, dada wa kazi aliyelala saa nane ya usiku, binti aliyechota maji, mama aliyemenya viazi akaondoka kabla ya picha kupigwa. Zawadi zote huenda sebuleni. Sherehe hubebwa kutoka nyuma.

Kwa hiyo leo, vijana walimu wanapokuja Turkana na kuniuliza wabebe nini wanapoalikwa, siwapi orodha ya vitu. Nawaambia nilichofundishwa na wanawake, kila mmoja kwa wakati wake. Nyanya wa Lodwar: angalia kinachopungua. Mama wa Kiethiopia: kaa hadi sini ya tatu. Mama wa Kivu: usimvue mwenyeji uenyeji wake. Mama yangu: soma utakachoacha kikisema baada yako. Na yule mama wa kuni, ambaye kwa miaka mingi sikuwahi hata kumuuliza hali: mwenyeji ni nani hapa?

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, walisema wazee, na ni kweli. Lakini moyo nao unahitaji macho. Ndugu msomaji, ukialikwa mwezi huu, chagua kitu kinachogawika. Kisha, kabla hujaingia sebuleni, zunguka nyuma ya nyumba, umsalimie aliyechota maji na kuwasha moto, umwachie nusu ya ulichobeba. Huyo naye ni mwenyeji wako.